Kabla Hujamcheka Mwajuma

Wiki ya pili ya mwaka wa kwanza, mhadhiri mmoja aliamua kuita majina. Ukumbi ulikuwa umejaa, wengine wamekaa kwenye ngazi. Alipofika kwangu akaita: "Mwajuma!" Kabla sijanyoosha mkono, sauti kutoka viti vya nyuma ikamalizia: "Ndala Ndefu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhadhiri naye akatabasamu, akaenda jina linalofuata. Mimi sikuitika. Kwenye karatasi ya mahudhurio ya siku ile, sikuwepo.

Kuanzia hapo nikawa Jay. Kwenye magrupu ya kozi ni Jay, kwenye vimbweta ni Jay, hata desa zangu zilizozunguka darasa zima zilikuwa "desa za Jay". Mwenzangu wa chumbani alikaa na mimi semista nzima bila kulijua jina langu, mpaka siku majina ya bumu yalipobandikwa ukutani.

Sasa niko mwaka wa mwisho. Mwezi uliopita ilitoka orodha ya wanaotarajiwa kuhitimu, pamoja na tangazo: kila mtu ahakiki jina lake, maana lililopo pale ndilo litakalochapwa kwenye cheti. Anayetaka kubadili alete hati ya kiapo. Nilishaulizia gharama kwa wakili, na jina nilishachagua: Jasmine. Kabla ya kulipa nikaona si adabu kufanya hivyo bila kumwambia bibi yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenipa hilo la kwanza.

Nilijiandaa na hoja ambayo niliiona nzito. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema 2 Oktoba 2003. Nilitafuta kwenye kalenda ya simu, nikakuta siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kwa hiyo, nikamwambia bibi, jina lenyewe mlikosea. Mwajuma ni wa Ijumaa. Mimi nilitakiwa niwe Mwanahamisi.

Bibi yangu yuko Pangani, na huniita mke mwenza kama bibi wengine wanavyowaita wajukuu zao wa kike. Akacheka mpaka akakohoa. "Mke mwenzangu, chuo wanakufundisha nini? Ulizaliwa magharibi imeshaadhiniwa. Jua likizama, Alhamisi imekwisha. Wewe ni wa usiku wa Ijumaa."

Hoja yangu ikafia hapo. Na badala ya kwenda kwa wakili, nikaenda maktaba.

Siku inayoanza jioni

Bibi hakuwa anajitetea. Katika hesabu ya Kiislamu, ambayo Waswahili waliifuata karne nyingi, siku huanza jua linapozama, siyo saa sita usiku. Ndiyo maana wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wana maana ya usiku ule ambao sisi tungeuita Alhamisi usiku. Masalia ya hesabu hiyo tunayo mdomoni kila siku: saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kuzama. Kalenda ya simu yangu na kalenda ya bibi zote zilikuwa sahihi, ila kila moja iliikata siku mahali pake.

Wiki yetu nayo imejengwa kuizunguka Ijumaa. Jumamosi ni siku ya mosi baada yake, Jumapili ni ya pili, inaendelea hivyo mpaka Jumatano, siku ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo lina maana ya siku ya tano, kwa sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Wiki ya Kiswahili ina "tano" mbili zinazofuatana, na hatujawahi kuona tabu.

Neno Ijumaa lenyewe linatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Ni siku ya watu kukusanyika kwa sala. Mzizi huohuo umetupa jamaa, jamii na jumuiya. Umetupa pia msikiti wa jamia, yaani ule unaosaliwa Ijumaa. Na hapa ndipo nilipofunga kitabu nikacheka peke yangu maktaba: kwa Kiarabu, chuo kikuu huitwa *jamia*. Ni mzizi uleule. Nilikuwa nalionea aibu jina hili ndani ya jengo ambalo, kwa lugha lilikotoka, wanaitwa karibu ndugu.

Mwana siyo mtoto tu

Nusu ya kwanza ya jina ni "mwana". Mwajuma ni kifupi cha Mwanajuma, ambalo bado utalisikia pwani ya Kenya. Maana ya haraka ni mtoto wa Ijumaa, na familia yake ni kubwa: Mwanahamisi wa Alhamisi, Mwanaidi aliyezaliwa siku ya Idi, Mwanamvua aliyekuja na mvua. Wanaume wao ni Juma, Hamisi na Idi.

Lakini katika Kiswahili cha kaskazini, Lamu na Pate, "mwana" lilikuwa pia neno la heshima kwa mwanamke, kama tunavyosema leo Bibi au Bi. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja malkia wa zamani, Mwana Mkisi, aliyetawala kabla ya Shehe Mvita. Pate ya karne ya 18 ilitawaliwa na Mwana Khadija. Na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi ambao mpaka leo watu wa idara ya Kiswahili wanaufanyia mtihani. Ukilisoma jina langu kwa sikio hilo, lina kilemba kichwani.

Basi lilishukaje?

Nilidhani tatizo limeanza na vichekesho. Kumbe ni la zamani zaidi, na siyo la kuchekesha.

Karne ya 19, biashara ya utumwa ilipopamba moto Zanzibar na mrima, mtu aliyeletwa kutoka bara alinyang'anywa na jina lake. Alipewa jingine na aliyemnunua, mara nyingi jina lisiloonyesha ukoo: la siku, kama Juma au Hamisi, la bahati, kama Baraka au Mabruki, au la kito, kama Feruzi. Waungwana nao waliwaita watoto wao majina ya siku, kwa hiyo si kila Juma alikuwa mtumwa. Lakini tajiri aliyetaka kuonyesha nasaba alipendelea majina yanayopatikana kwenye vitabu vya dini, na jina la siku likaanza kunuka umaskini.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Baada ya hapo wapo walioacha majina ya zamani wakajichagulia mapya. Mfano tunaoujua wote ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Siti maana yake ni bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo alirekodi santuri ambazo sauti yake ilivuka nazo bahari. Sidhani kama kuna anayeweza kumlaumu.

Huku kwingine majina ya siku yalisafiri. Yalifuata njia za misafara kupitia Tabora na Ujiji, yakavuka Tanganyika. Ukifika Bujumbura, au mashariki ya Kongo, Kivu na Maniema, utawakuta akina Mwajuma, na ndugu yao Mwavita, aliyezaliwa wakati wa vita.

Kwetu, mabadiliko nayaona ndani ya familia moja. Kizazi cha bibi ni Mwajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi na Tatu. Kizazi cha mama ni Zainabu, Rehema na Salma. Binamu zangu wadogo ni Ilham, Nasra na Sumaiya, na mmoja anaitwa Bella. Mama anasema vijana wa wakati wake waliosoma madrasa waliona afadhali mtoto abebe jina la mke au binti wa Mtume kuliko jina la kalenda. Halafu ikaja televisheni, na Mwajuma akapewa kazi mbili: msichana wa kazi au mmbea wa uswahilini. Kutoka hapo kufika kwenye ndala ndefu ni hatua moja tu.

Angalieni kitu kimoja, wadau. Juma hakushuka naye. Juma yuko kwenye vitabu vya hesabu vya shule ya msingi, ana maembe yake kumi, anampa Asha matatu. Hakuna anayeangua kicheko mhadhiri akiita Juma. Siku ni moja na mzizi ni mmoja, lakini aibu amebebeshwa wa kike peke yake.

Kisha mfikirieni Kofi Annan. Kwa Waakan wa Ghana, Kofi ni mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Wa kike ni Afua au Efua. Kofi Annan alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938, siku ya Ijumaa kweli. Aliingia Umoja wa Mataifa na jina hilo, akawa Katibu Mkuu nalo, na dunia ikajifunza kulitamka. Kofi ni Juma wa Ghana. Kama alikuwepo wa kulicheka, alichoka mapema.

Orodha ukutani

Simwambii mtu abaki na jina linalomuumiza. Siti alibadili, na alikuwa na sababu nzito kuliko yangu. Yangu ilikuwa kicheko cha sekunde kumi ukumbini. Nilitaka kulipia wakili ili kumridhisha mtu ambaye mpaka leo sijui hata sura yake.

Juzi nimerudi kwenye ubao wa matangazo. Nimelitafuta jina langu kwa kidole, nikahakiki tahajia, nikaweka saini pembeni. Nilipompa bibi taarifa, hakuonyesha kushangaa. Aliuliza tu mahafali ni lini, na kama kuna kivuli pa kukaa.

Ni siku ya Ijumaa. Majina yatasomwa kwa kipaza sauti. Yule bwana wa viti vya nyuma, kama nawe unahitimu, karibu umalizie tena. Safari hii nitaitika, ila kaa ukijua bibi yangu atakuwa palepale, kavaa ndala zake.