Tabibu Ajifunze Kuuliza

Mama mmoja wa kijiji cha Wilaya ya Bariadi afika zahanati asubuhi, mtoto mgongoni, homa kali. Juzi mtoto alishikwa na degedege. Wazee wakashauri apelekwe kwanza kwa mganga, naye akapelekwa. Tabibu, aliye peke yake na msururu wa watu mlangoni, amkaripia: "Ulikuwa wapi siku zote?" Mama ainamisha kichwa, ajibu kwamba homa imeanza leo. Degedege haitaji, wala dawa ya miti shamba. Apewa vidonge, arudi nyumbani. Kumbe degedege huweza kuwa dalili ya malaria kali, nayo haingoji.

Sisi hatumlaumu mama. Wala hatumlaumu tabibu peke yake, kwani alifundishwa jina la kila mfupa, na pengine hakufundishwa kuuliza.

Njia ya kumfundisha ipo. Mwaka 1963, mwaka ule ule chuo cha udaktari kilipoanza Dar es Salaam, daktari Howard Barrows wa Los Angeles, Marekani, alimfunza mwanamke mwenye afya njema kuigiza ugonjwa wa kupooza miguu, ili wanafunzi wampime na kuzungumza naye. Walikuwapo walioidharau kazi hiyo. Leo mgonjwa wa kuigiza ni mwalimu katika vyuo vya udaktari vya nchi nyingi.

Kazi yenyewe ni hivi. Mama hufunzwa kisa kama hicho cha degedege, kisha huagizwa: mwanafunzi akikukaripia, ficha, akikusalimu kwa heshima na kukuuliza pasipo kukuhukumu, "Kabla ya kuja hapa mmemsaidiaje mtoto?", mweleze yote. Mwanafunzi huvuna alichopanda. Mwishowe mama huacha uigizaji, akamwambia: hapa ulinitisha, hapa ulitazama karatasi, hukunitazama mimi. Mgonjwa wa kweli nani atathubutu kumwambia tabibu maneno hayo? Kesho yake mwanafunzi hurudia, wala hakuna mtoto aliyeumia kwa kosa lake.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji. Tabibu husomea kazi yake kwa Kiingereza. Bibi wa Itilima au Meatu hueleza maumivu yake kwa Kisukuma, mjukuu akitafsiri. Je, bibi atataja ugonjwa wa siri mbele ya mjukuu? Kwa hiyo twataka waigizaji wawe wakulima wenyewe, na baadhi yao wasionene ila Kisukuma. Mwanafunzi ajue walau kusema "Mwangaluka, mayu", na anapozungumza kwa mkalimani amtazame mgonjwa. Nao walipwe, maana siku ya palizi iliyopotea hailipwi kwa shukrani.

Watakuwapo wa kusema huu ni mchezo wa kuigiza tu, na kwamba mwenye wagonjwa hamsini hana nafasi ya adabu. Twawajibu kwamba swali jema huchukua muda ule ule wa karipio. Tena kazi hii haihitaji mashine kutoka ng'ambo. Yatosha chumba, viti viwili, mwalimu, na mtu aliyefunzwa vema.

Na siku chuo kitakapobisha hodi kwenye matawi yetu ya Bariadi kuomba akina mama wa kazi hiyo, twawasihi viongozi wasipeleke wake zao. Wampeleke yule aliyewahi kukaripiwa.