Mama Anayevuja Mkojo Hakulogwa

Jambo hili watu hulinong'ona tu, basi leo tuliseme wazi. Yuko mama anayelowa mchana na usiku. Akikaa, kiti kinalowa. Akilala, mkeka unalowa. Kanisani huketi nyuma karibu na mlango, au haji kabisa. Majirani husema amelogwa, wengine husema alizini akiwa na mimba. Yote mawili ni uwongo. Mama huyo ana fistula, yaani tundu, na tundu hilo lina asili yake.

Mtoto akikwama katika kuzaliwa, siku moja au mbili, kichwa chake hukibana kibofu cha mkojo kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti tena mahali pale. Nyama isiyopata damu hufa, na baada ya siku chache hudondoka, likabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Tangu hapo mkojo hutoka wenyewe. Mara nyingi mtoto naye amekufa. Basi mama hupata misiba miwili kwa mara moja, na pengine wa tatu, mume akimrudisha kwao. (Akina baba wasituone vibaya tukiwakumbusha: aliyechelewa kutafuta gari usiku ule hakuwa mke.)

Ila tusichanganye mambo. Mama anayetokwa na matone akikohoa, akicheka au akijitwika ndoo, huyo kwa kawaida hana tundu. Ni misuli ya chini iliyolegea kwa kuzaa. Dawa yake ya kwanza ni zoezi: aikaze misuli ile kama anayezuia mkojo, ahesabu polepole mpaka 5, ailegeze, arudie tena na tena, kila siku kwa miezi 3. Lakini tundu la fistula halizibwi kwa zoezi, wala kwa mizizi.

Aliyejifungua majuzi akaanza kuvuja aende hospitali upesi. Akiwekewa mpira wa mkojo katika majuma ya kwanza, tundu dogo huweza kujifunga lenyewe. La zamani hushonwa kwa operesheni, hata kama mama amelowa miaka 20. Kazi hiyo hufanywa Bugando, Mwanza, na pia CCBRT, Dar es Salaam, ambako fistula hutibiwa bure. Tangu mwaka 2009 CCBRT walianza kupeleka hata nauli kwa simu. Huko Addis Ababa, Bibi Catherine Hamlin na mumewe Reginald, waganga wote wawili, walifungua mwaka 1974 hospitali nzima kwa ajili ya fistula tu.

Wanawake wengi hujinyima maji ili wasilowe. Ni kosa. Mkojo huwa mkali, huchoma ngozi na kunuka zaidi. Mama anywe maji mengi, hata kabla ya operesheni.

Akishashonwa, hukaa na mpira kwa siku kadhaa, naye mume avumilie miezi 3 au zaidi bila kumkaribia, maana mshono mpya hufumuka. Mimba ikija tena, awaambie waganga mapema kwamba alishonwa, akazae hospitali kwa operesheni. Asijaribu nyumbani, hata kama uchungu wa safari hii ni mwepesi.