Pikapu Kubwa za Marekani: Kimo cha Boneti ni Suala la Afya

Mwaka 2009, watembea kwa miguu 4,109 waliuawa katika ajali za barabarani nchini Marekani. Mwaka 2022 idadi hiyo ilipita 7,500. Sababu ni nyingi, zikiwamo mwendo kasi, giza, simu mkononi mwa dereva na barabara pana zisizo na vivuko. Lakini katika miaka hiyo gari lenyewe nalo lilikuwa linabadilika. Consumer Reports, shirika la kutetea walaji, lilibaini kwamba tangu mwaka 2000 boneti za pikapu zimepanda kwa wastani wa asilimia 11 au zaidi, na kwamba kufikia mwaka 2018 pikapu mpya zilikuwa zimeongezeka uzito kwa asilimia 24. Hoja ya kuzizuia kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani huishia haraka katika ugomvi wa uhuru dhidi ya serikali. Ingefaa ianzie kwenye mwili wa anayegongwa.

Gari dogo likimgonga mtu mzima, bampa humpiga chini ya goti au karibu nalo. Mguu huvunjika, kisha mwili huangukia boneti iliyolala, ambayo hubonyea na kupunguza nguvu ya pigo. Ni jeraha baya, ila wengi hupona. Pikapu kubwa huja kama ukuta. Pigo la kwanza humfikia mtu mzima nyongani, tumboni na kifuani, yaani kwenye ini, wengu na mapafu, na mtoto humfikia kichwani. Na kwa kuwa pigo liko juu, mwili hauangukii boneti bali husukumwa mbele na kulazwa chini, yalipo magurudumu. Mwaka 2023, IIHS, taasisi ya utafiti wa usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima, ilichambua karibu ajali 18,000 za watembea kwa miguu. Magari yenye boneti ya zaidi ya sentimita 102 yalikuwa na uwezekano wa kuua uliozidi kwa takriban asilimia 45 ule wa magari yenye boneti isiyozidi sentimita 76 na iliyoinama. Mchumi Justin Tyndall wa Chuo Kikuu cha Hawaii naye alikuta kwamba kila sentimita 10 zinazoongezwa kwenye kimo cha uso wa gari hupandisha hatari ya mtembea kwa miguu kufa kwa asilimia 22. Hapo hatujazungumzia dereva asiyeweza kumwona mtoto aliyesimama mbele ya bampa lake.

Watetezi husema pikapu ni gari la kazi. Kweli, na mkulima au fundi anayevuta tela aachwe na gari lake. Ila tafiti za soko za Strategic Vision zilionyesha kuwa takriban robo tatu ya wenye pikapu huvuta tela mara moja kwa mwaka au hawavuti kabisa. Wengine husema wanalinda familia zao zilizomo ndani. Hoja hii ina uzito zaidi, kwani hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kutaka usalama wa wanawe. Lakini uchambuzi wa IIHS wa mwaka 2025 umeonyesha kwamba gari likishavuka uzito wa wastani, kilo za ziada karibu hazimwongezei kinga aliye ndani, huku zikiwazidishia hatari walio nje. Na wanaodai soko liachwe huru wakumbuke kwanza ushuru wa asilimia 25 unaotozwa pikapu kutoka nje tangu 1964, nafuu za kodi za biashara kwa magari mazito, na viwango vya mafuta vilivyolegezwa kwa magari makubwa. Serikali imeshaingia katika soko hili zamani, tena upande wa pikapu.

Zuio la jumla, kwa maoni yangu, halihitajiki. Jiji la Washington hutoza ada kubwa zaidi ya usajili kwa magari mazito, na Paris, baada ya kura ya wakazi ya Februari 2024, ilipandisha mara tatu ada ya maegesho kwa magari mazito ya wageni. Ni hatua nzuri, lakini zinapima uzito, wakati gari la umeme linaweza kuwa zito na bado likawa na boneti ya chini. Kinachopaswa kupimwa ni kimo, umbo na uwezo wa dereva kuona mbele. Ulaya hupima magari mapya kwa kinga ya watembea kwa miguu tangu miaka ya 2000. Marekani ilipendekeza kanuni yake mwaka 2024 tu. Tyndall alikadiria kuwa ukomo wa mita 1.25 kwa kimo cha boneti ungeokoa maisha ya watu 509 kila mwaka. Kwa anayeendesha pikapu kwenda ofisini na dukani, sentimita zinazozidi hapo hazimfanyii kazi yoyote, na sheria izikate.