Pacha wa Mti

Kwenye jumba moja la makumbusho hapa Ulaya nilisimama mbele ya kinyago cha ibeji, sentimita 25 hivi, cha mwanamke mwenye matiti yaliyojaa. Kilichonishika ni uso. Pua na macho vilikuwa karibu vimefutika, laini kama kokoto ya mtoni. Huo si uharibifu. Ni miaka ya kuogeshwa.

Ibeji kwa Kiyoruba ni mapacha. Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria huzaa mapacha kwa wingi kuliko karibu watu wote duniani, na mji wao wa Igbo-Ora unajulikana kwa hilo. Zamani za kale mapacha waliogopwa, hata wakauawa. Baadaye mambo yakageuka, wakaenziwa kama orisha wadogo, yaani miungu walio chini ya Olodumare, Mungu Mkuu, wenye udugu na Shango wa radi.

Anayetangulia kutoka huitwa Taiwo, anayefuata Kehinde. Sisi tunaowaita mapacha Kulwa na Doto tunapigwa chenga, maana kwao mkubwa ni Kehinde. Taiwo katumwa tu, akaionje dunia kwanza. Na kweli, mkubwa gani hutangulia mwenyewe wakati mdogo yupo?

Wawili hao roho yao ni moja. Mmoja akifa, inahofiwa atamwita mwenzake. Basi wazazi huenda kwa babalawo, mwaguzi wa Ifa, naye akisema kichongwe kinyago, mchongaji huanza kazi. Marehemu alikuwa mchanga, lakini kinyago huwa mtu mzima. Kinachofuatwa ni jinsia yake tu. Mama hukiogesha, hukipaka unga mwekundu wa mti mwilini na nili kwenye nywele, hukivika shanga. Aliye hai akilishwa maharage, na kinyago hupakwa mdomoni. Wamisionari waliita hayo kuabudu sanamu. Mimi nikiutazama ule uso uliolika, namwona mama anayelea.

Karne ya 20 wachongaji walipopungua, familia nyingine zilitumia mwanasesere wa plastiki. Nyingine zilikwenda studio: mtoto aliyebaki akapigwa picha, kisha mpiga picha akaichapa mara mbili kwenye karatasi moja, wakaonekana wameketi wawili bega kwa bega.