Nani Alitangulia Kutengeneza Motokari?

Mkiwauliza watu wa Ulaya ni nani aliyevumbua motokari, hamtapata jibu moja. Mjerumani atawaambia: Karl Benz. Mfaransa atasema: Cugnot. Mwitaliani atataja padri mmoja wa mji wa Firenze. Mtu wa Vienna atasema Siegfried Marcus, na Mbelgiji atakumbuka upesi kwamba Lenoir alizaliwa kwao. Tena wote wana vitabu, wana sanamu kwenye viwanja vya miji, wana stampu za posta. Sisi watu wa Kalemie tunasoma vitabu vya pande nyingi: vya Brussels na vya Paris, na vile vya Kiingereza vinavyovuka ziwa kutoka Kigoma. Ndiyo maana ubishi huu unafika mpaka darasani kwetu, na kila mmoja anashika kitabu chake kama ngao. Leo tunataka kuutazama ubishi wenyewe: umetoka wapi, na kwa nini haukomi.

Kwanza tunapashwa kuuliza: wa kwanza kufanya nini? Kama motokari ni gari lolote linalojiendesha bila farasi wala ng'ombe, basi Wafaransa wana haki. Nicolas Cugnot, mtu wa jeshi, alijaribu gari lake la mvuke mwaka 1769, na mwaka uliofuata akatengeneza lingine kubwa la kukokota mizinga. Lilikwenda polepole kama mtu anayetembea kwa miguu. Gari hilo halikupotea. Liko Paris katika nyumba ya makumbusho.

Lakini ukisema hivyo, Wabelgiji wanakujibu kwamba karibu miaka mia moja mbele ya Cugnot, Padri Ferdinand Verbiest, Mjesuiti, alitengeneza kigari cha mvuke kule Beijing, katika nyumba ya mfalme Kangxi. Alikieleza yeye mwenyewe katika kitabu chake Astronomia Europaea, kilichochapwa mwaka 1687. Ni kweli. Lakini kigari kile kilikuwa na urefu wa sentimeta 65 hivi, hakikuweza kubeba hata mtoto. Tena Verbiest alizaliwa Pittem mwaka 1623, na ufalme wa Ubelgiji ulianza mwaka 1830. Huyu Padri alikufa bila kujua kwamba yeye ni Mbelgiji!

Ya Lenoir ni hayohayo, na yanachekesha zaidi. Étienne Lenoir alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Mussy-la-Ville. Wakati ule kijiji kilikuwa cha Luxembourg. Mwaka 1839 mipaka ikageuzwa, kikawa cha Ubelgiji. Yeye mwenyewe alikwenda Paris angali kijana, akafanya kazi huko maisha yake yote, na mwaka 1870 akapata uraia wa Kifaransa. Basi nchi tatu zinamvuta huku na huku. Kazi yake haina mashaka: mwaka 1860 alipata hati ya uvumbuzi, ndiyo karatasi ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake, kwa ajili ya moteri iliyochoma gazi ndani yake yenyewe, si kuni chini ya birika la maji. Mwaka 1863 aliiweka katika gari, akatoka Paris mpaka Joinville-le-Pont akarudi. Safari ya kilometa 18 hivi ilimchukua saa tatu.

Waitaliani hawakubali hata hapo. Wanasema moteri ya namna ile ilifikiriwa na Padri Eugenio Barsanti, mwalimu wa shule, pamoja na injinia Felice Matteucci. Mwaka 1853 waliweka maandishi yao, yametiwa muhuri, katika chuo cha wataalamu cha Firenze, na mwaka 1854 wakapata hati huko Uingereza. Barsanti alisafiri mpaka Seraing, karibu na Liège, kusudi viwanda vya Ubelgiji vimtengenezee moteri zake nyingi. Alikufa hukohuko mwaka 1864, akiwa na miaka 42 tu. Sisi tunaona kwamba huyu ndiye aliyeonewa zaidi na sifa za dunia: alitangulia kwa akili, akachelewa kwa kiwanda.

Jambo hili la kuwa na wazo na kuwa na kiwanda lilifika hata mbele ya mahakimu. Nikolaus Otto, Mjerumani, alitengeneza mwaka 1876 moteri ya hatua nne: inavuta hewa pamoja na gazi, inaibana, inaiwasha, inatoa moshi. Hata leo kamyo nyingi zinazopita hapa kwetu zinakwenda kwa hatua hizo nne. Otto akatajirika. Lakini washindani wake walitafuta, wakaona kwamba Mfaransa Alphonse Beau de Rochas alikwisha kuandika hatua hizo nne mwaka 1862. Beau de Rochas hakutengeneza moteri hata moja, aliandika tu. Hata hivyo mwaka 1886 mahakama ya Ujerumani yenyewe ilivunja hati ya Otto. Mahakimu wa Kijerumani walimpa haki Mfaransa dhidi ya mwenzao. Tunawaheshimu kwa hilo.

Mwaka uleule wa 1886, tarehe 29 Januari, Karl Benz wa Mannheim aliandikisha hati nambari 37435: gari la magurudumu matatu lenye moteri ya esanzi. Sisi, kama tukilazimishwa kutaja jina moja, tungetaja hilo. Sababu yake si kwamba Benz alikuwa na akili kupita wengine. Ni kwamba gari na moteri aliviwaza pamoja kama kitu kimoja, akakiuza, na watu wakakipanda. Tena mke wake Bertha, Agosti 1888, alilichukua gari na wana wake wawili wakaenda mpaka Pforzheim, zaidi ya kilometa mia, naye bwana hakuambiwa. Safari ile ilionyesha kwamba gari ni la kusafiria, si la maonyesho. Wafaransa hawakuridhika: wao wana Édouard Delamare-Deboutteville wa Normandie, aliyepata hati yake Februari 1884. Ndiyo maana Ufaransa ilisherehekea miaka mia ya motokari mwaka 1984, na Ujerumani mwaka 1986.

Mpaka hapo mtu anaweza kucheka. Habari ya Marcus haichekeshi. Siegfried Marcus alizaliwa Ujerumani, akafanya kazi Vienna, naye alikuwa Myahudi. Watu wa Austria walimheshimu kama baba wa motokari, wakamjengea sanamu. Hitler alipoitwaa Austria mwaka 1938, sanamu iliondolewa. Mwaka 1940 wizara yake ya propaganda iliagiza kwamba zile kamusi kubwa za Wajerumani, Meyer na Brockhaus, zisimtaje tena Marcus kama mvumbuzi, bali Daimler na Benz. Amri ikatoka ofisini, na mtu akafutwa katika vitabu kwa sababu ya kabila lake. Vita ilipokwisha sanamu ilirudishwa. Lakini sikilizeni na upande wa pili: gari la Marcus linalotunzwa Vienna, ambalo vitabu vya zamani vilisema ni la mwaka 1875, wataalamu walilichunguza, wakaona lilitengenezwa mwaka 1888 au 1889, nyuma ya Benz. Basi serikali ya Hitler ilisema uongo kwa chuki, na wapenzi wa Marcus nao walikuwa wamemwongezea miaka kwa mapendo. Ni lazima kuyasema yote mawili.

Motokari ilipokwisha kutengenezwa, mataifa yakatafuta sifa nyingine: nani atavuka Afrika nayo kwanza? Hapo ubishi ukafika karibu na mlango wetu. Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 katika gari lililotengenezwa Gaggenau, akafika Swakopmund, kwenye bahari ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Wafaransa walikuja nyuma. Msafara wa Citroën, magari manane yenye minyororo badala ya magurudumu ya nyuma, ulitoka Colomb-Béchar Oktoba 1924, ukapita katika Kongo kwa Stanleyville, ukamaliza Antananarivo Juni 1925. Kapiteni Delingette na bibi yake, katika gari la Renault la magurudumu sita, walifika Cape Town Julai 1925. Waingereza nao, Court Treatt na wenzake, walitoka Cape Town Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley, wakafika Cairo Januari 1926. Wote ni wa kwanza! Mmoja wa kwanza toka mashariki kwenda magharibi, mwingine toka kaskazini kwenda kusini, mwingine toka kusini kwenda kaskazini. Kila taifa lilichagua njia ambayo juu yake hakuna aliyelitangulia.

Lakini hao wote walivuka mito namna gani, mahali pasipo daraja? Tazameni picha za safari hizo. Gari liko katika matope, Mzungu anashika usukani, na watu makumi wanavuta kamba. Vitabu vinataja nguvu za moteri. Nguvu za wale wa kamba hazikuhesabiwa.

Kwetu Kalemie, mji ulioitwa Albertville mpaka mwaka 1966, tuna mfano mkubwa kuliko huo. Wakati wa vita ya 1914–1918 Wajerumani walitawala ziwa kwa meli zao. Waingereza walileta merikebu mbili ndogo za mbao, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi. Toka Cape Town zilikuja kwa treni mpaka Fungurume. Toka Fungurume mpaka Sankisia, njia ya zaidi ya kilometa mia mbili katika milima ya Mitumba, zilikokotwa na mashini mbili za mvuke, zenye magurudumu ya chuma, jamaa za gari la Cugnot. Hiyo ilikuwa Agosti na Septemba 1915. Kisha Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, na treni mpaka hapa. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Wajerumani Kingani mbele ya mji wetu, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizama.

Vitabu vya Waingereza vinasema: ni kazi ya kamanda Spicer-Simson. Vya Wabelgiji vinakumbusha kwamba njia ya reli, mto na bandari vilikuwa mikononi mwao, na kwamba chombo chao Dix-Tonnes kilikuwa katika mapigano ya Februari. Wote wana haki kidogo. Lakini mashini za mvuke zilishindwa mara nyingi kupanda milima ile. Watu wa vijiji walikata miti, wakajenga madaraja, wakavuta kamba pamoja na ng'ombe. Na mahali palipokuwa na ukame, wanawake walichukua maji kichwani ya kunywesha mashini. Bila maji yale hakuna mvuke, na bila mvuke hakuna Mimi wala Toutou.

Habari ya mipira ya magurudumu ni nzito zaidi. Waskoti wanashindana wao kwa wao: Robert Thomson alipata hati ya mpira wenye hewa mwaka 1845, John Dunlop akauvumbua tena Belfast mwaka 1888 bila kumjua mwenzake. Wafaransa wanawataja ndugu Michelin, ambao mwaka 1895 walikimbiza gari lenye mipira ya hewa toka Paris mpaka Bordeaux na kurudi. Miaka ileile ya sifa hizo, sehemu ya mpira wenyewe ilitoka katika misitu ya Kongo, katika dola ya mfalme Leopold, iliyodumu mpaka mwaka 1908. Vijiji vilipangiwa vipimo vya mpira, na wasiotimiza walipigwa, wake zao walifungwa, wengine walikatwa mikono. Hatujaona taifa la Ulaya linaloshindania sifa ya kuwa wa kwanza katika hayo.

Mtu atasema hizo ni habari za wazee. Basi tutazame jimbo letu la Tanganyika. Gari la umeme, ambalo leo linasifiwa kama kitu kipya, si jipya. Mbelgiji Camille Jenatzy, tarehe 29 Aprili 1899, alipita kilometa 100 kwa saa katika gari la umeme aliloliita La Jamais Contente. Hakuna motokari iliyofika hapo mbele yake. Batri zake zilikuwa za risasi, nzito sana. Batri za siku hizi zinataka litiamu, na litiamu nyingi iko Manono, palepale ambapo zamani walichimba bati. Kampuni AVZ ya Australia na Zijin ya China zinagombania haki ya kuichimba, na mwaka 2025 kampuni KoBold ya Marekani nayo ilitia sahihi mapatano ya mwanzo na serikali ya Kinshasa. Wachina na Wamarekani tayari wanabishana nani anaongoza katika gari la umeme, na ubishi wao utaandikwa katika vitabu kama ule wa Benz na Cugnot.

Kwa hiyo tuna ombi. Kama nyumbani kwenu, Kalemie, Nyunzu, Kabalo au Manono, kuna mzee ambaye babu yake alijenga njia ya reli, au alivuta kamba mwaka 1915, au alichimba bati, mwulizeni jina la babu huyo, kijiji chake na kazi aliyoifanya, na kama alilipwa, alilipwa nini. Mwandike yote kama alivyosema, bila kuongeza miaka wala kupunguza, mtuletee.