Lile Bomba la Chooni ni la Nini?

Hebu zunguka nyuma ya choo cha shule yenu. Kama ni cha VIP, utaona bomba refu limepita juu ya paa. Wengi hudhani ni la kutoa harufu tu. Harufu inatoka kweli, lakini kumbe bomba hilo ni mtego wa nzi!

Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa ya shimoni kwenda juu. Hewa safi nayo huingia mlangoni na kushuka tunduni. Nzi wa nje hufuata harufu hadi juu ya bomba, wakakuta wavu. Na waliozaliwa shimoni je? Nzi hukimbilia mwanga. Kibandani ni gizagiza, kwa hiyo mwanga wanaouona ni wa juu ya bomba. Wanapanda, wanagonga wavu, wanafia humo humo.

Peter Morgan wa Maabara ya Blair, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alihesabu nzi hao miaka ya 1970. Kwa siku 78, choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Chenye bomba kilitoa 146. Na nzi mmoja tu akitoka shimoni akatua kwenye ugali wako, anaweza kukuachia vijidudu vya kuhara. (Mbu hawajali sana mwanga, kwa hiyo bomba haliwazuii vizuri.)

Sasa tazama tunavyokiharibu. Fundi anaweka dirisha kubwa, eti pawe na mwanga. Basi, nzi wanatokea tunduni! Mwingine anafunga wavu unaoshika kutu, ukitoboka mtego umekwisha. Mwalimu wa zamu naye anaamuru tundu lizibwe. Kwa choo cha shimo cha kawaida yuko sahihi kabisa, funika. Kwa VIP, kifuniko kinachoziba kinakata njia ya hewa.

Watoto wadogo huogopa giza, na si jambo la kuwacheka. Ndiyo maana napenda kibanda chenye umbo la konokono: hakina mlango, mwanga kidogo unaingia, na hakuna anayekuchungulia.

Unataka kupima cha kwenu? Washa kijiti cha udi, kishike karibu na tundu. Moshi ukishuka, safi. Ukikurudia usoni, mwambie kiranja wa usafi bomba likaguliwe. Huenda buibui wamelijaza utando, na ndoo ya maji ikimwagwa kutoka juu huuondoa.