Kikombe cha Togwa Kivukoni

Abiria wa pantoni la Kigamboni wanaposhuka Feri asubuhi, togwa huwa imeshawatangulia. Ndoo ikifunuliwa, utaona vipovu vidogo vimetapakaa juu, vinapasuka kimoja kimoja. Muuzaji anakoroga mpaka chini kwa sababu unga hutuama, kisha anachota kwa kata. Utamu unatangulia ulimini, ukali unafuata. Ya jana ina ukali zaidi, na ukiiacha siku nyingine mbili tatu itaanza kunukia pombe.

Je, wajua kwamba safari hiyo, kutoka utamu hadi ukali hadi pombe, ni habari ya majirani wanaolishana, wanaoibiana na wanaopigana? Kikombe kimoja kina viumbe wengi kuliko watu wote wa Dar es Salaam.

Kazi inaanza jikoni. Uji wa mahindi, mtama au ulezi hupikwa, huachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kisha hutiwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikaanikwa na kusagwa. Simama karibu na sufuria wakati huo. Uji uliokuwa mzito kiasi cha kusimamisha mwiko unalegea mbele ya macho yako, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea vinakatakata wanga kuwa sukari. Mpishi huongeza togwa kidogo ya zamani, ndiyo mbegu. Hapo karamu imetandikwa, na wageni hawakosi.

Mwaka 2003 Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na watafiti wenzake wakiwemo wa Norway, walichapisha orodha ya wageni hao. Walikuta bakteria wa asidi ya maziwa wa aina kadhaa, na aliyetawala ni Lactobacillus plantarum. Walikuta pia hamira za namna mbalimbali, mojawapo ikiwa Saccharomyces cerevisiae, spishi ile ile ya hamira ya maandazi.

Kumjua mgeni kwa jina hakutoshi. Ukiifuata barabara ya ufukweni kutoka Feri, ukaipita Ikulu, utafika hospitali ya Ocean Road, inayomkumbusha mtu daktari mmoja wa zamani. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyetangaza mwaka 1882 kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Ufundi mkubwa aliouachia ulimwengu ulikuwa kutenga: kumtoa kijidudu mmoja kwenye kundi, kumwotesha peke yake na kumchunguza katika upweke wake. Ufundi huo umeokoa maisha yasiyohesabika. Lakini ulituzoesha kumhukumu kijidudu kama mshtakiwa aliye peke yake kizimbani, huyu mwema, huyu mwovu. Togwa haielezeki hivyo. Kinachoipendezesha ni ujirani.

Bakteria wakila sukari hutoa asidi, na kipimo cha uchachu wa uji (pH), ambacho hushuka kadiri ukali unavyozidi, kinafika chini ya 4. Bakteria wengi waharibifu hapo hushindwa kuzaana, ilhali hamira hustahimili. Hamira nazo huvujisha vitamini na asidi amino ambazo bakteria wengi wa asidi ya maziwa hawawezi kujitengenezea. Hakuna aliyekusudia wema. Taka ya mmoja imekuwa chakula au ngao ya mwingine.

Palipo na mali ya wote hapakosi mdoezi. Hamira ya Saccharomyces hutoa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya miwa, na huivunjia nje ya mwili wake. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mvunjaji huambulia kama asilimia 1 tu ya sukari anayoivunja. Iliyobaki huelea kwa majirani, wakiwemo wasiotengeneza kimeng'enya hicho kabisa. Kwa nini basi wadoezi wasijae kila mahali? Kwa sababu wakizidi sukari inaadimika, na hapo ile asilimia 1 inayobaki kwa mwenye jasho inatosha kumweka mbele yao. Wote wawili hudumu, kila mmoja akimzuia mwenzake asienee kote. Hesabu hiyo naiona nzuri kama shairi lililokamilika vina.

Kuna na vita. Baadhi ya koo za Lactobacillus plantarum humwaga nje vipande vidogo vya protini, na kwa wingi wa vipande hivyo hutambua kama wako wachache au wengi. Wakishakuwa umati, huanza kwa pamoja kutengeneza sumu ya kuua bakteria wa koo za karibu. Anayeanza peke yake angemaliza nguvu bure.

Ujirani huu unagusa maisha ya watoto. Barabara ile ile ya ufukweni ndipo ilipo Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ambayo watafiti wake, pamoja na wenzao wa Sweden, waliichunguza togwa katika miaka ya 1980 na 1990. Mmoja wao, Kingamkono, pamoja na wenzake waliweka bakteria wa kuhara ndani ya uji unaochachuka, wakaona wanadhoofika. Kisha wakawapa togwa watoto wa chini ya miaka mitano, mara moja kwa siku kwa siku 13, na waliokutwa na vimelea hivyo wakapungua. Togwa haikuletwa na maabara. Maabara ilikuja kusoma kilichokuwa kinajulikana na akina mama.

Jua likipanda Feri, ndoo inakaribia kuisha. Muuzaji anakwangua, anauza kikombe cha mwisho, na anabakiza kidogo chini, ambacho hakiuzwi kwa bei yoyote. Jioni kitamiminwa kwenye uji mpya, bakteria, hamira na wadoezi wao wote pamoja.